Shukuru Mtoto Anasoma

Binti wa dada yangu yuko darasa la sita, Isevya, Tabora mjini. Jioni moja alinipa daftari lake la Uraia na Maadili nimsikilize kabla ya mtihani. Ukurasa mzima ulikuwa wa wino wa bluu, vichwa vya habari kwa wino mwekundu: maana ya haki za binadamu, mifano ya haki za binadamu, umuhimu wa haki za binadamu. Haki ya kuishi. Haki ya kupata elimu. Haki ya kutoa maoni. Kila mstari ulikuwa na vema ya mwalimu, na chini kabisa 10/10. Nikamwuliza haki ya kutoa maoni maana yake nini. Akajibu bila kuvuta pumzi: "Ni haki ya mtu kusema anachofikiri bila kuvunja sheria." Nikamwuliza mara ya mwisho alitoa maoni lini darasani. Akanitazama kwa huruma.

"Mjomba, darasani tunajibu. Hatutoi maoni."

Sina ugomvi na mwalimu wake. Ana watoto wengi kuliko madawati, mtaala wa kumaliza na mtihani unaokuja mbio. Ninachokiona katika daftari lile ni namna sisi sote tulivyokubaliana kulifundisha neno haki kama tunavyofundisha majina ya mikoa: likariri, lijibu, pata vema, funga daftari. Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya haki za binadamu, lililopitishwa Desemba 2011, limeitenganisha kazi hii mara tatu. Kuna kujifunza kuhusu haki. Kuna kujifunza kwa njia inayoheshimu haki za anayefundisha na za anayefundishwa. Na kuna kujifunza ili uweze kuzitumia haki zako na kulinda za mwenzako. La kwanza tunalo, tena kwa 10/10. Hayo mawili mengine ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaa jirani lakini hayali sahani moja: haki na hisani. Hisani hushukuriwa, haki hudaiwa. Aliyekufanyia hisani akiacha, humwulizi kitu, mali ni yake. Aliyeshika haki yako akiacha kuitoa, unamfuata mpaka mlangoni, na wazee watakuunga mkono: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Elimu tumeiandika upande wa haki, katika mikataba, katika sera, katika madaftari ya watoto. Lakini maisha yetu nayo ya kila siku yako upande wa hisani. Na shule inayoendeshwa kwa hisani itamfundisha mtoto kila kitu kuhusu haki isipokuwa jinsi ya kuwa nayo.

Tabora inalijua jambo hili kuliko miji mingi. Shule ya wavulana ya serikali iliyofunguliwa hapa miaka ya 1920 ilikusudiwa watoto wa machifu, ili Mwingereza apate watawala wadogo wanaojua kusoma na kuandika. Elimu ilikuwa zawadi ya mkubwa kwa yule atakayemfaa. Julius Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937. Baada ya Makerere alirudi mji huuhuu kufundisha katika shule ya wamisionari ya St. Mary's, na alikuwa bado mwalimu hapo tarehe 10 Desemba 1948, siku Umoja wa Mataifa ulipopitisha Tamko la Haki za Binadamu kule Paris. Ibara ya 26 ya Tamko hilo inasema kila mtu ana haki ya kupata elimu, kwamba elimu ya msingi itolewe bure na iwe ya lazima, na kwamba shabaha yake ni kumkuza mtu kwa ukamilifu na kuimarisha heshima kwa haki za binadamu. Uingereza ililipigia Tamko hilo kura ya ndiyo. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa huohuo, ikitawaliwa na Uingereza hiyohiyo, na watoto wengi wa Unyamwezi walikuwa hawajawahi kuuona ubao.

Kwa hiyo mtu akiniambia haki za binadamu ni mambo ya Wazungu, huwa namwuliza ni nani aliyezihitaji zaidi mwaka ule, Mzungu wa Paris au mtoto wa Sikonge. Waliolichukua Tamko kwa uzito ni waliokuwa wananyimwa.

Miaka kumi baadaye, Januari 1958, TANU, chama cha Nyerere cha kudai uhuru, walikutana hapahapa Tabora kuamua kama waingie katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria au waususe. Masharti yalikuwa ya kuudhi. Kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Na ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au uwe umesoma hadi darasa la nane, au uwe umeshika wadhifa fulani uliotajwa. Mkutano uliamua kuingia, uamuzi ambao mpaka leo tunauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake. Watu husimulia busara ile na ushindi uliofuata. Mimi hubaki nimekodolea macho lile sharti la darasa la nane. Mtawala hakujenga shule za kutosha, kisha akamwambia mtu: huna kura kwa sababu hukusoma. Hapo ndipo ninapoona maana ya kuiita elimu haki. Ukiinyang'anya, umenyang'anya pamoja nayo haki nyingine kadhaa ambazo hata hukuzitaja.

Baada ya uhuru mlango ulifunguliwa, halafu ukaanza kucheza kwenye bawaba. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la 1974 likaleta UPE, elimu ya msingi kwa wote, kila mtoto awe shuleni kufikia 1977. Mama yangu mdogo alifundishwa na kijana aliyekuwa amemaliza darasa la saba juzijuzi tu. Watani waliita mpango ule Ualimu Pasipo Elimu. Lakini barua za mumewe kutoka mashamba ya mkonge Tanga alizisoma mwenyewe, bila kumpelekea jirani amsomee siri za nyumba yake. Miaka ya 1980 uchumi ukaanguka, ada na michango vikarudi. Mwaka 2001 ada ikafutwa tena, michango ikaota mahali pake. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukafuta ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikatangazwa kufutwa kwa kidato cha tano na cha sita. Ufuatilie mwendo huo tangu mwanzo: kila jema lilitangazwa jukwaani kwa vigelegele, na kila baya liliingia kwa mlango wa nyuma.

Sasa tuifungue Katiba ya 1977. Elimu iko Ibara ya 11, na maneno yake ni kwamba kila mtu anayo "haki ya kujielimisha". Kisome kitenzi hicho polepole. Hakikusema kuelimishwa. Kiambishi "ji" ni kidogo, lakini kimeuhamisha mzigo wote, mwenye haki akawa ndiye mwenye kazi. Haki ya kujielimisha inafanana na haki ya kujipikia: hakuna anayekukataza, ila unga ni wako. Kweli, ibara hiyohiyo inaitaka Serikali iweke utaratibu na ifanye jitihada watu wote wapate fursa. Lakini imewekwa katika sehemu ya malengo muhimu na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali, na Ibara ya 7 imekwisha kusema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama yoyote. Haki zenye nguvu ya kimahakama ziliingia katika Katiba mwaka 1984, na zimepangwa katika sehemu inayofuata. Uhai upo, uhuru wa mawazo upo, kumiliki mali kupo. Elimu imebaki ng'ambo ya uzio. Kenya, katika katiba yao ya 2010, Ibara ya 53, wamempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na wameiweka palepale penye haki zinazodaiwa mahakamani.

Niseme ukweli wote: Nyerere huyohuyo wa Tabora ndiye ambaye serikali yake haikutaka orodha ya haki katika Katiba, ikiamini kwamba majaji wangetumiwa kuichelewesha nchi maskini iliyokuwa na haraka. Haraka ile ilijenga madarasa mengi. Pia ilituzoesha kupewa.

Upande wa pili wa sheria una meno. Sheria ya Elimu ya 1978 inamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria, na asipofanya hivyo ana kosa. Huku kwetu tunajua maana yake. Msimu wa tumbaku Urambo na Kaliua, majani yakivunwa na kufungwa kwenye vijiti kabla ya kuingizwa banini, banda la kukaushia, madarasa hupungua watu, na mtendaji akiamka vibaya hutuma mgambo wakamate wazazi. Sipingi. Mtoto anayefunga majani ya tumbaku mchana kutwa anaharibiwa mikono na mapafu, na mzazi anajua. Ila naomba nionyeshwe mgambo anayekwenda upande wa pili, yule anayemkamata mtu kwa sababu shule ya watoto mia nne ina walimu watano, au kwa sababu darasa la tatu halijaona kitabu cha hisabati. Hayupo. Wajibu umeandikwa kwa jina la mzazi. Haki imeandikwa kwa jina la hewa.

Mwaka jana nilihudhuria mkutano wa wazazi katika kijiji kimoja cha Uyui, kwa niaba ya ndugu aliyekuwa safarini. Tulikaa chini ya mwembe mkubwa. Miembe ya namna ile wazee huieleza kuwa ni mbegu za misafara, ile ya pembe na ya watumwa, iliyokuwa ikipita kati ya Ujiji na Bagamoyo. Kivuli kizuri, chenye asili ambayo hatuitaji sana. Ajenda ilikuwa michango: uji, mlinzi, mitihani ya ujirani mwema, na posho ya kijana anayejitolea kufundisha hisabati. Mama mmoja akasimama na mtoto mgongoni. Akasalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kisha akahamia Kiswahili, kama tufanyavyo tukitaka jambo liingie kwenye kumbukumbu za mkutano.

"Mwenyekiti, mwaka jana kila kaya tulitoa elfu mbili ya mlinzi. Mwaka huu tena. Naomba kujua, mlinzi analipwa kiasi gani?"

Mwenyekiti ni mtu mpole, wala hakukasirika. "Mama yangu, zamani ulikuwa unalipa ada. Serikali imekuondolea. Wewe shukuru mtoto anasoma."

Watu wakapiga makofi. Mama akaketi.

Nimeyafikiria makofi yale kuliko nilivyolifikiria jibu. Mwenyekiti alikuwa amebanwa, akajitetea. Hilo ni la kibinadamu. Sisi tuliopiga makofi tulikuwa tumetoa elfu mbili zilezile na hatukumjua mlinzi kumzidi mama yule. Tulipiga makofi kwa sababu kuuliza bei ya zawadi ni utovu wa adabu, na kwetu shule bado ni zawadi.

Hesabu yenyewe haina siri. Kiwango cha ruzuku kilichopangwa kwa miaka mingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na si zote zinazofika shuleni kama fedha, kwa kuwa sehemu yake ni ya vitabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya: shilingi hamsini na moja na senti kwa siku, haifiki bei ya kashata. Chaki, karatasi, ukarabati, michezo, mitihani, vyote vinatakiwa vitoke humo. Waraka wa 2016 uliofuata ule wa elimu bila malipo uliacha sare, madaftari na chakula mikononi mwa mzazi, pamoja na michango ya hiari. Kwa hiyo mwalimu mkuu anakabidhiwa shule isiyoweza kujiendesha kwa ruzuku, anakatazwa kutoza, kisha anatazamwa atafanyaje. Atafanya kikao, na kitakachoamuliwa kitaitwa hiari, halafu mtoto ambaye kwao hiari haikupatikana atasimamishwa mstarini asubuhi. Ningekuwa mwalimu mkuu, sidhani kama ningekuwa na ujanja mwingine. Tungeichukulia elimu kama haki, swali la mama yule lingesafiri: kutoka kwa mwenyekiti hadi kwa afisa elimu kata, halmashauri, hadi bungeni kwenye kile kiwango cha 10,000. Kwa kuwa ni hisani, swali lilifia pale chini ya mwembe.

Na hapa ndipo ninapogombana na wale wanaosema tatizo la shule zetu ni haki kuzidi. Nawasikia vijiweni na katika mabasi: watoto wamefundishwa haki bila wajibu, nidhamu imekufa, samaki mkunje angali mbichi. Methali ile naiheshimu, na mtu wa Kigoma anaweza kuongeza kwamba samaki mbichi akikunjwa kwa pupa hupasuka. Tuache methali, tutazame kanuni. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinasema kiboko ni kwa kosa zito, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila tukio liandikwe katika kitabu maalumu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unakwenda mbali zaidi na kutaka nidhamu ya shule ilinde utu wa mtoto. Mimi niko upande wa Mkataba, ningependa fimbo iondoke kabisa. Lakini hata ukiwa upande wa fimbo, hebu jibu: kitabu hicho umewahi kukiona? Nimesoma shule tatu, za msingi na sekondari, na nimechapwa katika zote tatu, mara nyingine kwa kuchelewa, mara nyingine kwa kukosa swali la nne, mara moja kwa kicheko cha mwenzangu. Sikumbuki mtu yeyote akiandika lolote.

Anayesema haki na wajibu viende pamoja yuko sahihi kuliko anavyodhani. Kitabu kile ni wajibu, wa mtu mzima, na ndio wa kwanza kusahauliwa. Mtoto akisahau daftari anachapwa. Shule ikisahau daftari lake, hakuna jambo. Somo linalobaki kichwani mwa mtoto ni kwamba sheria ni kitu cha wadogo, na huyo ndiye raia tutakayemkuta baadaye ofisini upande wa pili wa dirisha, akitwambia tuje kesho.

Nisiwaonee walimu. Mwalimu anayepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya mwalimu, anayedai malimbikizo tangu alipopandishwa daraja, anayesahihisha madaftari mia moja na ishirini kwa mwanga wa simu, naye ananyimwa. Yeye pia huambiwa ashukuru: wenzako wako mtaani na vyeti vyao. Mtu aliyeambiwa hivyo asubuhi, mchana atamwambia nani nini?

Kuhusu wasichana sitarefusha, maana yamesemwa, ila mkoa wangu hauwezi kujificha. Katika utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2010, Tabora ilikuwa ya pili nchini kwa ndoa za utotoni, asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18; Shinyanga tu ndiyo ilitutangulia. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba. Kanuni za 2002 zilimfukuza shule aliyeolewa na aliyefanya kosa dhidi ya maadili, na kwa mlango huo aliyepata mimba akatolewa nje kwa miaka mingi. Novemba 2021 ukaja waraka wa kuwarudisha. Ni jambo jema na limewanusuru mabinti. Lakini ni waraka. Kilichofunguliwa kwa waraka kinaweza kufungwa tena kwa kauli, na binti wa Nzega aliyerudi darasani na mtoto amemwacha kwa bibi yake anakaa pale kwa ruhusa.

Panda treni hapa Tabora ushuke mwisho wa reli, na swali la haki linageuka sura. Tabora tunauliza mzazi anaweza kudai nini. Kigoma wanalazimika kuuliza kitu kilichotangulia hapo: binadamu ni nani? Rudi kwenye ile Ibara ya 11 uone ilivyopima maneno: kila mtu anayo haki ya kujielimisha, na kila raia atakuwa huru kutafuta elimu hadi upeo wowote. Mtu, halafu raia. Somo lenyewe shuleni tumeliita Uraia.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Kuanzia 2015 wakaongezeka Warundi kwa makumi ya maelfu, na kambi ya Nduta kule Kibondo ikajaa nayo. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi, na shule zipo kambini. Lakini kwa miaka mingi Mkongo amesoma mtaala wa Kongo na Mrundi mtaala wa Burundi, kwa Kifaransa na lugha zao, mpaka mitihani ikawa ya makwao. Sababu inayotolewa ina mantiki: siku ya kurudi, mtoto asionekane mgeni katika shule ya nchi yake. Wazazi wengi wanaitaka hivyo, na Tamko la 1948 linawapa wazazi nafasi ya kwanza katika kuchagua aina ya elimu. Ila hesabu miaka. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu 1996 amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto, na hao nao wanasoma jiografia ya nchi ambayo baba yao hajawahi kukanyaga, kilomita chache kutoka shule za Waha, wenyeji wa Kigoma, ambako wenzao wanajifunza nchi iliyo chini ya miguu yao wote. Elimu ile inamwandaa mtoto kuondoka. Kumwandaa kuishi alipo hakumo kwenye ratiba.

Sisi Tabora tuna mfano mwingine, Ulyankulu. Warundi wa 1972 walipewa ardhi wakalima, watoto wao wakasoma shule za Kitanzania kwa Kiswahili, na wengi wao baadaye wakapewa uraia. Sisemi mtaala ndio uliowapa uraia. Siasa, ardhi na miaka arobaini vilifanya kazi kubwa zaidi. Nasema tu kwamba ukikutana na kijana wa Ulyankulu sokoni, hutamjua mpaka akwambie, na hilo lilianzia kwenye dawati.

Kasulu hiyohiyo kuna Kabanga, ambako watoto wenye ualbino walikusanywa shuleni wakati mauaji yalipopamba moto, mwaka 2008 na baada yake. Walipata kuta, mlinzi na ubao. Walikuwa hai, na wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Lakini shule iliyokuwa kimbilio ikawa pia mahali pa kutengwa, mtoto akikua bila ndugu zake, na kijiji kilichomtisha kikiendelea na maisha yake bila kuulizwa. Haki ya elimu ilitimizwa kwa kumhamisha mwenye haki. Kila nikifikiria jambo hilo hushindwa kuamua ningefanyaje kama ningekuwa mkuu wa wilaya usiku ule. Labda ningefanya vilevile, kisha asubuhi ningepaswa kwenda kule kijijini, na nadhani asubuhi hiyo ndiyo tuliyoiruka.

Halafu kuna mwambao wa Ziwa Tanganyika. Vijiji vya kusini mwa Uvinza, Kalya na wenzake, ambako boti imekuwa barabara kwa vizazi. Kule maisha yanakwenda kwa mwezi. Giza likiingia, mitumbwi hutoka na taa kuvua dagaa. Mbalamwezi ikirudi, watu hupumzika na kushona nyavu. Wiki za giza, wavulana wakubwa hulala ziwani na wasichana huamkia kwenye vichanja vya kuanika, na mwalimu huandika "mtoro". Ratiba ya shule haina mwezi. Anayesoma mikataba atakwambia kwamba elimu inatakiwa iwepo, ifikike, ikubalike, na iweze kujigeuza kumfuata mtoto alivyo. Katarina Tomaševski, mtaalamu maalumu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya elimu, ndiye aliyezipanga nguzo hizo nne. Hiyo ya nne ndiyo tuliyo wabovu nayo kuliko zote. Simwambii mtu yeyote afunge shule kwa ajili ya dagaa. Ila wiki mbili za giza zinajulikana tarehe zake tangu Januari, na sijasikia mkutano hata mmoja wa elimu ambako mtu aliweka kalenda ya mwezi mezani.

Nilirudi Uyui mwaka huu, mkutano wa kwanza wa muhula. Mwalimu mkuu ni mgeni, amehamishwa kutoka Igunga. Hakuanza na hotuba. Alibandika karatasi kubwa ya manila kwenye mwembe kwa misumari minne: ruzuku iliyoingia, tarehe, michango ya kila kitongoji, matumizi, salio. Wazee wawili wakanung'unika kwamba ameanza kujitangaza. Mwenyekiti, yuleyule, alikaa pembeni akifuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

Mama wa mwaka jana alikuwepo, mtoto sasa anatembea. Alisogea mpaka kwenye mti, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipofika karibu na mwisho kidole kikasimama. Akageuka.

"Mwalimu, shikamoo. Hapa pameandikwa walinzi wawili. Huyu wa pili ni nani?"